Gari Lililokosa Usingizi

Sindano aliingiza mkono chini ya dashibodi, akapapasa nyuma ya nyaya, akakigusa kisanduku cha umeme wa milango kwa mgongo wa vidole. Kilikuwa na joto. Aliupangusa mkono kwenye suruali, kana kwamba kosa ni la mkono, akarudia. Joto lilikuwa palepale.

Gari la wagonjwa lilikuwa limezimwa na kufungwa tangu alfajiri, betri imechajiwa upya. Kila kitu ndani yake kilipaswa kuwa baridi kama jiko la nyumba iliyohamwa.

"Ni taa, sivyo?" aliuliza dereva, aliyesimama nje na kofia mkononi. Alikuwa mume wa dada yake Sindano. "Taa ya ndani. Niliiwasha Ijumaa nikitafuta kalamu."

"Juzi ulisema uliizima, shemeji."

"Nilisema. Lakini nimeifikiria mpaka sasa naiona inawaka."

Sindano alitoa mita ya umeme mkobani. Jumapili mchana mama mmoja alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na gari likagoma kuwaka. Wakampakia kwenye lori la mchanga. Mama alipona, mtoto hakupona. Jumba bovu likamwangukia dereva, na saa nne hii alikuwa anatakiwa ofisini kwa Matroni wa hospitali kueleza kwa nini aliacha taa ikila betri. Sindano, kama fundi, aliitwa kuthibitisha tu.

Aliunga mita kwenye betri, akafunga milango yote, akakaa juu ya kopo la rangi kusubiri. Kazi hiyo aliijua vizuri. Visanduku vya gari huongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa, na kila kimoja kina chipu ya miguu minane, ndiyo mdomo na ndiyo sikio lake. Gari likizimwa, chipu hizo husinzia na kuonja umeme kwa ncha ya ulimi. Moja ikikataa kulala, zote hukesha zikiitikia porojo zake.

Mwezi uliopita chipu ya kisanduku cha milango iliungua, na ya aina yake haikupatikana mjini. Muuza vipuri alimpa nyingine, umbo lilelile, miguu ileile minane. "Ila hii haijui kulala, fundi," alimwonya. Sindano akacheka. "Ndiyo ninayoitaka. Nimechoka na wafanyakazi wanaosinzia." Akailehemu kwa ile mikono iliyompa jina, akawasha injini, milango ikaitika yote. Alitakiwa azime gari, asubiri dakika ishirini, apime tena. Hakusubiri. Gari watu hulipima likinguruma. Likishalala, kila mtu huenda zake.

Kila siku injini ilikuwa ikiirudishia betri kilichoibwa. Ijumaa hadi Jumapili gari lilisimama siku mbili mfululizo kwa mara ya kwanza.

Dakika ishirini zilipita. Namba kwenye mita ilitakiwa ianguke karibu na sifuri. Ilisimama kwenye ampea moja na robo, haitikisiki.

"Lala," Sindano aliinong'oneza ile chipu. "Lala, nakuomba."

Haikulala. Angesema neno moja tu, taa, na karakana yake ingebaki wazi. Nani angekwenda kutafuta kitu kidogo kuliko ukucha wa mtoto? Akajuta kulifikiria neno hilo la mwisho.

Matroni alitokeza mlangoni pa ofisi. "Fundi, tunaanza. Ni taa?"

"Mwambie ndiyo, shemeji," alisema dereva kwa sauti ya chini. "Yaishe. Mama wa watu nimeshamwomba radhi. Jana nilipiga magoti kando ya kitanda chake."

"Akasemaje?"

"Alinishika kichwa. Akasema amenisamehe."

Sindano alitamani lile lori lingempitia yeye. Alifungua mlango wa gari polepole.

"Chuchumaa hapa. Nipe mkono wako."

Alimshika kiwiko, akauongoza mkono chini ya dashibodi, nyuma ya nyaya.

"Kina joto," alisema dereva.

"Gari limezimwa tangu alfajiri."

"Sasa joto la nini? Taa zenyewe hazi..." Alimtazama Sindano usoni, kisha vidoleni. "Hapa si ndipo ulipofungua mwezi uliopita?"

"Ndipo hapo, shemeji."

"Fundi," Matroni aliita tena. "Ni taa au si taa?"

"Si taa, Matroni," alisema Sindano. Sauti ilitoka ndogo, ikambidi airudie. "Si taa. Nakuja."

Lakini alibaki pale, ameshika kiwiko cha shemeji yake. Dereva naye hakuutoa mkono. Alikaa vilevile, amechuchumaa, kiganja juu ya kisanduku, kama mzazi anayepima homa ya mtoto.