Kisu cha Mkono wa Kushoto

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ana visu kumi na viwili vya kukunja, na hakuna hata kimoja kilichowahi kukata kitu. Vinalala kwenye sanduku lenye kitambaa laini, kila kimoja na kitanda chake. Jumamosi anavitoa, anavipaka mafuta, anavifungua na kuvifunga, ta, ta, ta, kisha anavilaza tena. Kazini kwake, kwenye ofisi ya bima, bahasha anazichana kwa kidole. Mimi nilimpa jina la Mtaalamu, na bahati nzuri alilipenda.

Kwa hiyo mzee wangu alipohitaji kisu, nyumba nzima ilimgeukia yeye.

Mzee wangu ni fundi wa makochi. Nilipoolewa naye tayari alikuwa na kisu mfukoni. Mwaka jana kiharusi kilimpata, kikamwachia maneno yote na kikamchukua mkono wa kulia. Kile kisu chake cha zamani kilikuwa cha kufungua kwa ukucha: mkono mmoja unashika mpini, wa pili unavuta. Siku aliyorudi kutoka hospitali alijaribu kukivuta kwa meno. Jino lilimeguka, kisu kikabaki kimefungwa. Akakitia kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akalitundika, na hakulivaa tena.

Binti yetu ndiye anayeendesha karakana sasa. Alikuja siku moja akakaa kwenye kigoda karibu na miguu ya baba yake.

"Baba, nimepata viti vya zahanati, arobaini. Vyote vinatakiwa kufumuliwa kabla sijavivalisha kitambaa kipya. Kufumua ni kazi ya mkono mmoja. Njoo unisaidie."

"Nifumue kwa nini? Kwa ndevu?"

"Kwa kisu, baba."

"Kisu anifungulie nani? Nikae pale niite watu, njooni mnifungulie, njooni mnifungie? Siji kukaa karakanani kama kalenda."

"Kazi inaanza baada ya mwezi. Usipokuja itabidi nitafute mtu wa kukaa kwenye kiti chako."

"Tafuta."

Alilisema hilo akiutazama ukuta. Zamani binti akiingia, baba yake alikuwa akimtoa nyuzi zilizonasa kwenye gauni na kumwambia zimetoka kwenye kochi la namna gani. Siku hiyo binti aliondoka na nyuzi zake.

Kisu cha jikoni kisingefaa. Anatembea kwa mkongojo, na kila akiinuka kisu lazima kiingie mfukoni. Mtu anayeweza kuanguka wakati wowote hatembei na makali wazi. Kilitakiwa kisu cha kukunja, cha bei ya kawaida, kinachofunguka kwa mkono mmoja. Hayo tu.

"Niachieni mimi, Mama," Mtaalamu aliniambia. "Kuchagua kisu si jambo la kukurupuka."

Hakukurupuka. Alichukua wiki tatu. Alitazama video za watu wanaokata karatasi na kulia kwa furaha. Alitutumia picha kwenye kundi la familia, na chini ya kila picha maelezo marefu kuhusu aina za chuma, kama vile tunajenga daraja. Watu walipiga kura. Shemeji yangu anayeishi mbali, ambaye hajatuona kwa miaka tisa, alichagua rangi ya mpini. Mzee wangu hakuulizwa, maana simu yake ni ya kupiga na kupokea tu.

Nami sikuulizwa, na sikudai mzee aulizwe. Hilo ni kosa langu na sitalificha.

Jumapili ya wiki ya tatu, Mtaalamu alitandika kitambaa cheusi juu ya meza yangu ya chakula na kupanga visu vitatu. Alivaa shati la mikono mirefu kwa ajili ya shughuli hiyo.

"Baba, hivi vyote ni bei nafuu," alianza.

Binti yangu aliniinamia sikioni. "Bei nafuu hiyo ingevalisha makochi mawili, Mama."

Cha kwanza kilikuwa na springi. Mzee alibonyeza, kisu kikaruka kutoka mkononi mwake kama panzi na kutumbukia kwenye kikombe changu cha chai. Nilikitoa, nikakifuta, nikakirudisha kwenye kitambaa.

Cha pili kilikuwa na vifaa kumi na vinne. Kulikuwa na msumeno, kijiti cha meno, kikuzi cha kusomea maandishi madogo na kitu cha kuparua magamba ya samaki.

"Kisu chenyewe kiko wapi?" mzee aliuliza.

"Kipo ndani, Baba. Unatoa kwanza msumeno, halafu mkasi, halafu..."

"Kirudishe."

Cha tatu ndicho Mtaalamu alichokuwa amekiwekea moyo. Kilikuwa chembamba, na ubavuni mwa bapa kilikuwa na kinundu cha kusukuma kwa kidole gumba. Mzee alikishika kwa mkono wa kushoto na kutafuta kinundu. Hakukiona, kwa sababu kilikuwa upande wa pili. Alikigeuza, kikateleza. Alikishika tena, akakibana kwenye paja, akasukuma kwa kifundo cha kidole. Shingo ilimtoka jasho. Nadhani kila mtu mezani aliomba simu yake iite.

"Ni mazoezi tu, Baba," Mtaalamu alisema. Alikichukua kwa mkono wa kulia na kukifungua mara tatu, ta, ta, ta. "Unaona? Gumba linakaa hapa."

"Naona," mzee alisema. "Huo mkono unaonionyesha nao ndio ulionifia mimi."

Mtaalamu aliutazama mkono wake kama vile ameuokota njiani. Watu ishirini na mmoja kwenye kundi walikuwa wamejadili chuma, rangi, uzito, na hata harufu ya mafuta, na hakuna aliyekumbuka ni mkono upi uliobaki.

"Vipo vya mkono wa kushoto," alisema taratibu. "Naagiza leo. Vinafika baada ya wiki sita."

"Viti vinaanza Jumatatu, baada ya wiki moja," binti yangu alisema.

Mzee alinyanyuka kwa mkongojo wake akaenda kulala, saa nane mchana.

Nisimseme vibaya mkwe wangu nikasahau mengine. Mzee wangu alipolazwa, ni yeye aliyekuwa akimwogesha kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, na hajawahi kulitaja. Ni mtu mwema. Ila mpe kitu kidogo akuchagulie, atakuletea maonyesho.

Alhamisi nilichukua kisu changu cha jikoni nikakipeleka kwa mnoa visu anayekaa pembeni mwa duka la vifaa vya ujenzi. Jiwe lake analizungusha kwa miguu, kama cherehani. Mbele yake huwa kuna ubao wenye visu vichache anavyotengeneza mwenyewe. Nilipokuwa nasubiri nikamweleza shida yangu. Alisimamisha jiwe.

"Bibi, anatumia mkono upi?"

Wiki tatu, na hilo swali lilimtoka yule mtu kabla hajafuta vumbi usoni.

"Wa kushoto."

"Na gumba lake lina nguvu?"

"Limevuta kamba za makochi miaka arobaini."

Aliinua kisu kimoja kutoka kwenye ubao. Kilikuwa kibaya kukitazama: mpini wa mti, bapa jeusi, na nyuma ya bapa kipande cha chuma kimechomoza kama mkia. Akautia mkono wake wa kulia ndani ya mfuko wa suruali, akaubakisha humo. Kwa wa kushoto akaubonyeza ule mkia, bapa likatoka. Akakamata mpini, na kiganja chenyewe kikaukandamiza mkia usirudi. Kukifunga, aliuegemeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza na kusukuma. Alirudia mara nyingi, ule mkono mwingine ukiwa umetulia mfukoni, kisha akakunja uso.

"Gumba linateleza kidogo," alisema. Alichukua tupa akaukwaruza mkia mistari midogo, akajaribu, akakwaruza tena. Wateja wawili walikuwa wakimsubiri. Aliwaambia, "Dakika moja, huyu ni mgonjwa," kana kwamba mzee wangu amekaa pale.

Bei yake ilikuwa chini ya ile ya mkebe wa gundi.

Nyumbani sikutoa hotuba. Nilikiweka mezani kando ya kifurushi cha kamba za viatu, nikaenda kupepeta mchele. Nilimaliza ungo wa kwanza. Halafu nikasikia kitu kinagonga ukingo wa meza, polepole. Kikagonga tena. Nilipochungulia, kamba za viatu zilikuwa zimekatwa vipande visivyofaa kufunga kiatu chochote duniani, na mzee wangu alikuwa anatafuta kingine cha kukata.

"Lile koti langu liko wapi?" aliuliza.

"Pale ulipolitundika."

Jioni Mtaalamu alipita. Alikigeuzageuza kile kisu kwa ncha za vidole.

"Mama, hiki hakina komeo."

"Kinashikwa na kiganja."

"Ni chuma gani?"

"Cheusi," nilimwambia.

Jumatatu mzee alikwenda karakanani. Kiti cha kwanza kilimchukua asubuhi nzima, na binti yangu hakumharakisha. Alijipangia kazi upande wa pili ili asionekane anamtazama. Kufikia wiki ya sita viti vya zahanati vilikuwa vimekwisha, na mzee alikuwa anafumua kochi la mwalimu mmoja na kumsema mwalimu huyo kwa namna alivyolikalia.

Siku hiyo nilikuwa nimewapelekea chakula. Mtaalamu akaingia na kifurushi kilichozungushiwa utepe wa gundi kila upande.

"Kimefika, Baba. Cha mkono wa kushoto."

Alianza kukwangua ile gundi kwa kucha. Akauma pembe moja. Akazungukazunguka. Mwishowe akasimama mbele ya mzee.

"Baba, niazime kisu chako kidogo."

"Chako kiko wapi?"

Mtaalamu aligusa mfuko wa shati. "Ninacho, ila gundi itakiharibia makali."

"Lete hapa."

"Nipe tu, nitakata mimi..."

"Nimesema lete."

Mzee akakiweka kifurushi juu ya paja. Gumba lilibonyeza mkia, bapa likatoka, likapita mara moja. Akakitoa kile kisu kipya, akakifungua kwa mkono wa kushoto, na kweli kilifunguka kama maji. Akakitazama pande zote mbili, kwa heshima.

"Kizuri," alisema. "Kiweke na wenzake."

Kisha akaugeukia mgongo wa kochi. "Na kama huna haraka, vua hilo shati, shika koleo, unitolee hizi pini."

Mtaalamu alivua shati, akalikunja vizuri. Kulikuwa na makoleo mawili juu ya meza. Aliyapima moja moja mkononi, akauliza lipi ni bora kwa pini za namna ile. Mzee wangu alikuwa ameshaanza mshono mwingine.