Mshale wa Joto Mlimani Ngomo

Kwa miaka yote aliyoishi na dereva, Bibiane hakuwahi kupanda lori la mumewe zaidi ya mara mbili. Lakini mwezi ule wa Juni 1976 alikuwa Uvira, alikokwenda kumkanda binti yao Jeanine aliyejifungua, na siku ya kurudi Bukavu ilipofika, Philémon, konvoyeri, yaani utingo, wa mumewe Aloys, akalala na malaria. Kiti cha pembeni kikabaki wazi.

"Panda, Mama Jeanine," Aloys akamwambia. "Leo weye njo konvoyeri."

Lilikuwa Mercedes la pua ndefu, na nyuma yake remorke, yaani tela. Vyote viwili vilijaa simenti iliyovuka ziwa kwa meli kutoka Kalemie. Masista wa Nyantende walikuwa wanaingoja. Walikuwa wanajenga nyumba ya kujifungulia, na kuta zilikuwa zimesimama nusu tangu mvua ziishe.

Kwenye tambarare ya Ruzizi safari ilikuwa tamu. Aloys alimsimulia mkewe habari za kila kijiji walichopita. Kamanyola wakanywa chai, Aloys akajaza maji madumu manne.

"Ya nini yote hii?" Bibiane akauliza.

"Ngomo inakunywa kama ngombe," akajibu.

Kisha wakaanza kuupanda mlima Ngomo. Sauti ya injini ikabadilika, ikawa nzito kama ya mtu anayebeba gunia na bado anataka kuzungumza. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo ambalo Bibiane aliamua kutolitazama. Remorke ilikuwa inawavuta nyuma. Aloys akashusha gia, akashusha tena, akaliacha lori litambae.

Bibiane, ambaye hakutaka kutazama nje, akawa anamtazama mumewe. Akaona jambo. Aloys alirudisha kichwa nyuma, akakunja macho kuelekea kisaa kidogo cha duara cha joto la injini mbele yake, kisha akasogeza uso mbele, kisha akaweka kiganja juu ya dashibodi kama mama anayepima homa ya mtoto. Alifanya hivyo mara tatu.

"Papa Jeanine, ile mushale inapashwa kufika kwenye rangi nyekundu?"

"Iko ngapi?"

"Si iko mbele yako?"

"Bibiane! Iko ngapi?"

Hakuwa akimwita kwa jina lake ila penye taabu. Akainama, akasoma namba kwa Kifaransa: tisini na tano na zaidi. "Imepita quatre-vingt-quinze. Inagusa nyekundu."

Aloys hakuhamaki. Mbele kidogo palikuwa na upana ambapo malori hupishana. Akalifikisha pale polepole, akavuta breki, akaacha injini ingurume bila gia. Bibiane akaruka chini, akasukuma mawe nyuma ya magurudumu kama alivyomwona Philémon akifanya.

"Hauzime?" akauliza akirudi.

"Nikizima sasa, maji inasimama na moto inabaki ndani. Tuiache ipumue. Weye unisomee tu."

Akasoma. Quatre-vingt-quinze. Bado. Quatre-vingt-treize, tisini na tatu. Quatre-vingt-dix, tisini kamili. Hapo Aloys akashuka, akaketi kwenye ngazi ya kabini, mikono juu ya magoti. Bibiane akamfuata.

"Kuanzia lini hauone?"

"Tangu Pasaka. Philémon njo alikuwa ananiitia namba. Anafikiri ninamufundisha kazi." Akajikuna kidevu. "Papa yangu alianza vile vile. Kwanza alishindwa kuona shanga za rozari. Nyuma akashindwa kuona sahani. Alikufa anaongozwa na fimbo. Sikutaka uogope."

Miezi yote hiyo, alikuwa akirudi nyumbani, akila, akicheka, akilala kando yake na hofu hiyo peke yake. Lakini Bibiane alikuwa fundi cherehani mtaa wa Kadutu, Bukavu, na katika atelier yao, chumba cha kushonea, alikuwa ameona macho ya namna nyingi.

"Angalia kule chini," akamwambia. "Unaona nini?"

"Kamanyola. Mto."

"Karibu na ile nyumba ya bati."

"Mbuzi. Sita." Akatazama vizuri. "Moja imefungwa kamba."

Bibiane aliona vidoa vyeupe tu, wala hakuweza kusema vilikuwa vingapi. Akakamata kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, akakielekeza kwake.

"Aloys, sikia. Mama Séraphine wa atelier alikuwa ananyoosha mukono mpaka mwisho kusudi apitishe uzi. Alilia, akasema ni upofu. Wakamupa lunette ya macho, leo anashona maua. Papa yako mbali hakuona, karibu hakuona. Weye unahesabu mbuzi huko Ruzizi! Macho yako iko muzuri. Mikono njo mifupi."

Aloys akataka kucheka, sauti ikamkatikia. Akachukua kitambaa cha mafuta, akajifuta uso, ukabaki na mistari myeusi. Bibiane akaifuta kwa ncha ya kitenge chake.

Waliondoka mshale ukiwa umeshuka sana. Aloys akafungua joto la kabini hadi mwisho ili liipunguzie injini moto, na wote wawili wakalowa jasho kama waliotoka mtoni, Bibiane akiita namba kwa sauti ya msomaji wa misa, Aloys akibadili gia kufuata sauti hiyo. Walisimama mara mbili zaidi. Saa tisa mchana walikuwa Nyantende, na sista mkubwa akawapa maji na ndizi huku simenti ikishushwa.

Jumatatu Aloys alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa garaji iliyomwajiri, akamweleza yote kabla hajaulizwa. Alipumzishwa majuma mawili. Muuguzi wa macho alisema lile lile alilosema Bibiane, kwa maneno marefu zaidi, akampa miwani nzito ya fremu nyeusi.

Aliivaa kwanza nyumbani, mlangoni penye mwanga. Hakutazama gazeti wala rozari. Alimwita mkewe, akamtazama kwa karibu, muda mrefu, hata Bibiane akaona haya, akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Toa mukono," Aloys akasema. "Njo ninaanza kuona."

Akautoa.