Maji Yenye Adabu

Kalamu ya kijani ndiyo iliyokwisha wino kwanza. Niliiona kwa sababu nilikuwa nimekaa mkekani karibu na mlango, na macho yangu, nikiwa mbele za watu, hutafuta kitu kidogo cha kushika. Ile nyekundu ilikuwa bado haijafunguliwa.

Tulikuwa tumeitwa madrasani kuchora ramani ya hatari. Mtaa wetu uko nyuma ya Chemchem, hapa Tabora, umelala kando ya mfereji, na kila masika mfereji hutoka kitandani kwake kuja kututembelea. Shirika fulani lilikuwa limesikia habari zetu, likamtuma mwezeshaji, Bi Paskazia, mama mnene mwenye sauti ya upole. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akachora mfereji kwa bluu, akasema maneno ambayo mpaka leo nayaona mazuri.

"Mimi hapa sijui kitu. Wenye kujua ni ninyi. Mtu akijua peke yake, maji yatamkuta yeye na ujuzi wake. Tukijua wote, tunaokoana. Nyumba ambayo maji huingia tutaipaka nyekundu. Ambayo hayaingii, kijani. Tuanze na kwa mwenyekiti."

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Sabiri, alikohoa. Ana vyumba vya kupangisha vinavyotazama mfereji.

"Kwangu maji hayaingii," alisema. "Yanapita tu."

"Yanapita wapi?"

"Sebuleni. Lakini hayakai."

Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Kijani.

Akafuata Abdulatifu, fundi cherehani. Mwanawe alikuwa ameposa Usoke, na baba wa binti alikuwa bado anaulizauliza habari za nyumba ambayo binti yake atakwenda kulala. Abdulatifu alieleza kwamba maji ya kwake ni ya bati kuvuja, hayana undugu na mfereji. Kijani. Mwenye nyumba ya wageni alisema yale ya mwaka jana yalikuwa umande mwingi. Kijani. Na hakuna aliyebisha, kwa sababu kumwambia jirani kwamba nyumba yake inafurika ni kumwambia ana nyumba mbaya, na jirani huyohuyo ndiye atakayekuchimbia kaburi. Kila mtu alijua. Kila ukuta wa mtaa ule una mstari wa tope chini ya dirisha, na kila mwaka mvua zikikatika tunasikia brashi za chokaa zikifanya kazi.

Mwishowe Bi Paskazia alirudi nyuma hatua chache, akaitazama ramani.

"Sasa haya maji yanaishia wapi?"

Watu walifikiri. Ni kweli, maji hayawezi kukosa pa kwenda.

"Kwa Bibi Mwanahawa," alisema mtu.

Bibi yangu hakuwepo. Miguu yake iliacha kazi nikiwa darasa la tano, na darasa la sita nililisikia kwa wenzangu tu, maana ilibidi mtu akae naye. Pale madrasani nilikuwepo mimi kwa niaba yake, nikitazama kalamu. Bi Paskazia alifungua nyekundu, akaweka doa moja.

Ndipo Amon alipocheka. Amon ni fundi baiskeli, kibanda chake kimepakana na ukuta wetu. Ni Mgogo, na Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya wapagazi ilipokuwa ikikatiza kwao kwenda pwani. Neno la mtani halikasirikiwi. Ubaya wake ni kwamba pia halisikilizwi.

"Wanyamwezi nyie hamna mfano," alisema. "Mmeyafundisha maji adabu. Yanabisha hodi kwa mwenyekiti, yanaambiwa hapana, yanasema samahani baba, yanakwenda kumzamisha kibibi. Mzee Sabiri, si nilikuona mwaka jana ukimfukuza chura kwenye kabati la vyombo?"

Madrasa nzima ilicheka. Mzee Sabiri ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akafuta macho kwa kofia.

"Katibu ameandika hilo?" Amon aliuliza.

"Utani hauandikwi, Amon. Kaa chini," alisema Mzee Sabiri.

Hata hivyo nilirudi nyumbani na furaha. Bi Paskazia alikuwa ameeleza kwamba shirika litaleta machela, na kwamba vijana wa mtaa watafundishwa kubeba wasiojiweza mpaka hapo madrasani, ambapo ni juu. Maji yakija, timu itaanza na nyumba nyekundu. Na nyekundu tulikuwa sisi peke yetu. Kila masika mimi humpandisha Bibi kitandani, nikaongeza matofali chini ya miguu ya kitanda, kisha tukakaa kusubiri, yeye akisoma dua, mimi nikiangalia maji na matofali. Bibi ni mkubwa wa mwili. Kumbeba peke yangu siwezi.

Nilimweleza yote. Alisikiliza, akatema mate ya ugoro.

"Kwa hiyo mafuriko ya mtaa mzima ni yangu?"

"Ndivyo ilivyochorwa, Bibi."

"Babu yako aliniachia kitanda na kinu. Hili la mafuriko sikujua kama limo kwenye mirathi."

Mambo yangebaki hivyo kama si mabati. Sijui nani alianza, lakini bombani asubuhi moja ilikuwa imeshaenea: nyumba nyekundu zitapewa mabati mapya na shirika. Bi Paskazia alipokuja mara ya pili madrasa haikutosha, watu walisimama hadi uani. Mzee Sabiri aliomba kufanya marekebisho madogo.

"Nilitafakari," alisema. "Maji kwangu yanaingia."

"Mwanzo ulisema yanapita."

"Hayawezi kupita bila kuingia, mama."

Abdulatifu alikuwa amekumbuka kwamba mwaka jana aliogelea chumbani kwake. Mwenye nyumba ya wageni alisema ule umande ulimfika kifuani. Alisimama hata mzee mmoja anayekaa juu kabisa, kwenye mwamba, ambako hata bomba linapanda kwa shida. Alisema maji yote hutoka juu, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuathirika. Kalamu nyekundu ilianza kukwaruza, ikafa, na nyumba za mwisho zilipakwa kwa rangi ya kucha ya binti wa katibu. Bi Paskazia alisema mara mbili, kwa sauti yake ya upole, kwamba hakuna mabati. Watu walitabasamu, wakijua anaficha ili wasisukumane.

Sasa mtaa mzima ulikuwa nyekundu, na machela ni moja. Ikabidi ipangwe zamu. Katibu alipendekeza waanze na mwenyekiti, kwani kiongozi akizama mtaa umezama. Baada yake wajumbe. Baada yao wenye wageni, kwa sababu mgeni ni baraka. Sisi tuliwekwa mwisho, na sababu ilikuwa ya haki kabisa: tulishapata nafasi yetu kwenye ramani ya kwanza.

"Binti, mmeridhika?" Mzee Sabiri aliniuliza.

Nilitazama mkeka. Kunyamaza kwa msichana ni kukubali, kwetu ndivyo isemwavyo, hata kwenye mafuriko.

"Ajabu ya Mungu," Amon alisema kutoka dirishani. "Babu zenu walibeba meno ya tembo kwa mabega hadi Bagamoyo. Ninyi mnashindwa kubeba kibibi hadi hapa. Mkimsahau nitakuja kumzika mimi, na sanda mtanilipa ninyi."

Walicheka tena. Mwenye kuchekesha kama Amon, walisema, hayupo mjini Tabora.

Mvua yenyewe ilikuja siku ya Ijumaa baada ya swala, jua likiwa bado linaonekana upande wa stesheni. Haikuwa kubwa kwetu. Kubwa ilinyesha huko juu, na mfereji ulikuwa umejaa chupa, mabua na godoro la mtu. Maji yaliingia kwa mlango wa uani. Niliongeza matofali. Yakafika juu ya matofali. Nikaongeza mengine, na kitanda kikaanza kuyumba kama ngamia anayeinuka.

"Nenda kawaite hao wa machela," Bibi alisema. Hakusema kwa utani.

Nilikwenda nikishika kuta. Timu nzima ilikuwa kwa Mzee Sabiri, imevaa refleketa za rangi ya machungwa, na ilikuwa ikitoka mlangoni na machela, vijana wawili mbele, wawili nyuma, wakihesabu kwa pamoja kama walivyofundishwa. Juu ya machela kulikuwa na kochi. Lilikuwa limefungwa nailoni, na mikanda ya kumzuia mgonjwa asianguke ilikuwa imekazwa vizuri kwenye mikono yake. Makochi mengine mawili yalikuwa kibarazani yakisubiri zamu. Mzee Sabiri alitembea kando akilishika kochi kwa mkono, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa wake.

Aliniona. "Ehe, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Alhamdulillahi. Msalimie sana."

Nikasema zimefika. Wakanipita. Nilisimama pale maji yakinifika magotini, na maneno niliyokuja nayo bado yalikuwa mdomoni, yote, yamepangana vizuri.

Niliporudi nilimkuta Amon chumbani kwetu. Suruali ameikunja, amechuchumaa majini, mgongo ameuelekeza kitandani.

"Panda, Mnyamwezi," alikuwa akisema.

"Nipande juu ya Mgogo? Nikifa njiani nitawaambia nini wenzangu huko?"

"Utawaambia nauli ilikuwa nafuu. Panda, kitanda kinaondoka."

"Hongo ya kupita ni kiasi gani?"

"Babu zako walilipa shanga na vitambaa kunywa maji ya kwetu. Haya yamekuja ya bure, nitakutoza ya mgongo tu. Shamila, shika miguu yake. Tangulia mguu mmoja upapase, ukingo wa mfereji hauonekani."

Nikatangulia kinyumenyume, nimeikumbatia miguu ya Bibi, nikipapasa ardhi kwa wayo. Amon alikuwa akihema kama mvukuto. Tulipopita mbele ya kibanda chake baiskeli za wateja zilikuwa zinaondoka moja moja, zikigongana kengele. Aliziangalia kidogo tu.

"Hiyo ya bluu ni ya mwalimu," alisema, akaendelea kutembea.

Barazani madrasani watu walipotuona walishangilia. "Leo Mgogo mpagazi!" walisema. Bibi, shingo ya Amon mkononi, aliwajibu kwamba mzigo ni mzuri ila punda ana mifupa. Kisha tulimweka kwenye kochi. Ndilo lililokuwa limefika.

Kwenye kikao cha tathmini Mzee Sabiri alisoma taarifa. Machela ilikuwa imethibitika kuwa imara. Timu ilifanya safari zote bila kuangusha kitu. Hakuna aliyepoteza maisha, na mwathirika asiyejiweza aliokolewa salama. Bi Paskazia alimuuliza aliokolewa na nani. "Na jamii," alijibu Mzee Sabiri, na watu wakapiga makofi. Amon hakuwepo kuchekesha. Alikuwa bondeni na upondo, akitafuta baiskeli kwenye tope.

"Binti, hebu toa neno la shukrani," mwenyekiti alisema.

Nilisimama. Nilisema, "Ahsanteni." Nikakaa.

Tangu hapo wanawake wa kando ya mfereji tumeanza kuulizana bombani, bila karatasi. Nani kwake ana mtu wa kubebwa. Nani ana mgongo wa kubeba. Mlango gani una komeo bovu na unasukumwa vipi. Aliyeanza si mimi. Mimi nilijibu tu nilipoulizwa, kwa sauti ndogo, na walinisogelea ili wasikie. Kuna mmoja, mke wa Abdulatifu, alisema maji kwao hufika kwenye meza, kisha akatazama huku na huku kama aliyetukana. Hakuna aliyecheka.

Lakini siku ile mlangoni pa Mzee Sabiri ilikuwa zamu yangu kusema, na sikusema. Nilikuwa nimeyaleta haya:

Mwenyekiti, Bibi si hajambo. Maji yamefika godoroni, na mimi siwezi kumbeba. Shusheni kochi.