Diski Iliyokwenda Kuposa Bila Mshenga

Usiku wa jana niliota nimevaa koti langu la kijivu, lile la harusini, nimesimama mbele ya kompyuta ya Subilaga huku nimemshika mkono diski mpya. Jua lilikuwa linawaka vizuri. Kompyuta ilikuwa na ukubwa wa nyumba ya vyumba vinne, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa skrubu.

Subilaga ni binti wa mke wangu. Kompyuta ile alinunuliwa na baba yake, marehemu Ambokile, alipofaulu kidato cha sita, na huyo baba ndiye aliyekuwa akiifungua na kuifunga kila ilipougua. Mimi nimeingia nyumba hii ya Tukuyu mwaka jana tu, nikitokea Singida, na Subilaga huniita Anko. Wiki iliyopita diski ya kompyuta ilianza kugonga tak, tak, tak, kisha ikafa. Nikanunua nyingine, nikaifunga kwa mikono yangu hii ya mtunza stoo wa kiwanda cha chai. Kompyuta ikadai haioni diski yoyote. Nikaitoa, nikairudisha, nikakaza skrubu mpaka bisibisi ikateleza, na bado haioni.

Jumatatu Subilaga anarudi chuoni, na bila kompyuta ripoti yake ya mwisho haiandikiki. Aliniambia, "Acha tu, Anko, usijisumbue." Heri angenitukana. Nilitaka sana nifae kitu ndani ya nyumba hii, na nadhani ndiyo maana nililala nikaota nimevaa koti.

Basi, tumesimama mlangoni. Diski mpya ni kijana mwembamba, amevaa mfuko wake wa plastiki wa rangi ya fedha, na hataki kuuvua kwa aibu.

"Unaitwa nani?" namuuliza.

"Sijapewa jina."

"Unakumbuka nini cha maisha yako?"

"Nakumbuka umenishika mkono. Kabla ya hapo hakuna kitu."

Nikamwonea huruma. Stoo kwetu mzigo ukija bila lebo tunauweka pembeni, na wakati mwingine unakaa pembeni mpaka panya wanauzoea. Nikapiga hodi kabla hajaanza kuzoewa.

Dirisha likafunguka, akachungulia bibi mmoja mwenye miwani. Nilimjua bila kuambiwa. Kila kompyuta ina bibi wa namna hii. Ndiye anayeamka kabla ya wengine wote, akahesabu watu wa nyumbani, na wasipotimia hakuna kazi inayoanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ngoja nihesabu. Kibodi!"

"Tupo!" ziliitika herufi zote kwa pamoja. Q na X ziliitika kwa nguvu kuliko wenzao, maana kwa Kiswahili hazina kazi, zinashinda zimekaa.

"Betri!"

"Nipo," alijibu mgonjwa kutoka chumba cha ndani. "Lakini nimebakiwa na asilimia nne. Msinichoshe kwa maswali."

"Diski!"

"Nipo," akasema kijana wangu.

Bibi akatoa kichwa nje, akamsogelea mpaka pua zao zikagusana. Akakaa hivyo kwa muda, akapumua, akarudi ndani.

"Diski hayupo," akatangaza.

"Bibi, si huyu hapa?"

"Simwoni."

"Umemgusa pua!"

"Hilo silikatai. Lakini simwoni."

Nikamweleza kwa adabu kwamba kijana huyu hana kasoro. Ofisini kwetu nilimjaribu kwenye kompyuta ya mezani, akaonekana hapo hapo. Bibi akatikisa kichwa.

"Ofisini ni ofisini. Hapa ni kwa watu. Umejaribu kutuzima na kutuwasha?"

"Nimejaribu."

"Jaribu tena."

Nikasema, "Zima." Jua likazimika. Kichwa cha bibi kikaanguka kwenye kizingiti cha dirisha, na kule ndani betri akaacha kuguna katikati ya mguno. Nikasema, "Washa." Jua likarudi. Bibi akainuka, akafuta miwani.

"Nani wewe?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ngoja nihesabu. Kibodi!"

Tulirudia hivyo mpaka sauti ya Q ikakauka na shikamoo zikaniishia mdomoni. Kila mara bibi ananiona mpya, na kila mara kijana hamwoni kabisa. Sijui kwa nini, lakini sikukasirika. Nilikuwa nataka kujua tu. Mtu anamgusaje mwenzake pua halafu asimwone? Nilimwangalia bibi kwa makini, nikaona hadanganyi.

Nilipogeuka kumpa kijana pole, nyumba haipo. Tumekaa kwenye benchi refu barazani, na benchi limejaa watu mpaka mwisho wa upeo wa macho. Kila mmoja amepakata diski yake.

"Samahani, ndugu," namwambia jirani yangu, mzee mwenye ndevu. "Mimi nina diski ambayo kompyuta haiitambui."

"Hata mimi nina tatizo hilo hilo," anajibu.

"Toka lini?"

"Miaka sita."

"Umejaribu nini?"

"Nimejaribu kusema kwamba hata mimi nina tatizo hilo hilo."

Aliyefuata naye akasema ana tatizo hilo hilo. Aliyemfuatia pia. Mbele kidogo akasimama mama mmoja mnene, uso umemchangamka, akapunga mkono.

"Nimeshapata ufumbuzi! Asanteni nyote!"

"Umefanyaje, mama?" nikapiga kelele nikimkimbilia.

Akafungua mwavuli wake, akaenda zake. Benchi zima likampigia makofi. Nilitaka kulia. Kijana akaniuliza taratibu kama na yeye atakaa hapa miaka sita, nikamwambia hapana, ingawa sikuwa na uhakika wowote.

Ndipo dirisha likafunguka kwenye ukuta wa baraza, bibi akatoa kichwa.

"Wewe mwenye koti! Huyo kijana umemleta kuposa, siyo?"

"Nimemleta akae ndani, bibi. Afanye kazi."

"Ndiyo kuposa huko. Sasa mshenga wenu yuko wapi?"

Nikatazama nyuma yangu, nikamwona kijana peke yake.

"Umekuja na mtu mgeni," bibi akaendelea, "umesimama mlangoni mwenyewe, unajisemea mwenyewe. Nitamwonaje? Mimi simwoni mtu, namwona aliyesemewa. Mshenga wa nyumba hii ni mmoja tu. Mfupi, mweusi, ana meno mengi. Akisimama katikati, mkono mmoja kwangu na mmoja kwa mgeni, naona vizuri kabisa. Asiposimama, hata uniletee diski ya dhahabu."

Hapo nikagundua kwamba nilimjua. Siku ile nilipomtoa diski wa zamani nilikuta kipande kidogo cheusi kimeng'ang'ania kwenye ncha yake, mfano wa kitana kilichokatika. Nilidhani ni kiungo cha mwili wake, nikawaweka wote pamoja. Na kweli, kwenye kompyuta ya ofisini kijana wangu hakuhitaji kipande kama kile. Huku nyumbani, bila kipande hicho, alikuwa hafiki hata kwenye soketi.

"Yuko wapi sasa, bibi?"

"Si ulimpeleka mwenyewe? Yuko msibani."

Sikupiga hata hatua. Tuko ndani ya droo ya kabati la vyombo, pale sebuleni kwetu. Kitambaa cha meza kimefungwa juu kuwa turubai. Vijiko wamekaa kwenye mkeka wamenyoosha miguu, na uma wamesimama ukutani, wanaongea mambo ya mvua kwa sauti ya chini. Mtu akanipa chai kwenye kifuniko cha chupa. Ilikuwa chai ya kiwandani kwetu, daraja la pili, niliitambua.

Katikati amelala diski wa zamani, amefunikwa leso. Chini ya leso bado anagonga. Tak, tak, tak.

Nikamwinamia kijiko mmoja mwenye umri. "Samahani, mama. Huyu amekufa au hajafa?"

"Amekufa," akaninong'oneza. "Lakini ana mazoea."

Kichwani pake amekaa mshenga, mfupi, mweusi, amemshika marehemu kwa meno yake yote.

"Poleni na msiba," nikasema.

"Tumeshapoa," akajibu bila kuachia.

"Mshenga, tunakuhitaji kule kwa bibi."

"Mimi nilikuja nyumba ile na huyu," akasema. "Nilimsemea kwa bibi, bibi akamwona, akafanya kazi mpaka kifo. Wewe ukaja ukamtoa. Mimi hukuniambia hata neno moja. Ukanifungia na uma."

"Nisamehe, sikujua kama ni watu wawili."

"Hakuna anayejua. Sikulaumu. Lakini siondoki. Mtu haondolewi msibani na mgeni. Mwenye msiba aniruhusu kwa mdomo wake."

Sikuuliza mwenye msiba ni nani. Nilishika kifuniko changu cha chai nikaona koti linanibana mabegani.

Kijana wangu ndiye aliyesogea. Akavua mfuko wake wa fedha, akautandika mkekani, akakaa na wafiwa.

"Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" akauliza.

Droo nzima ikachangamka, maana walikuwa wanasubiri mtu aulize. Kijiko mzee akasema marehemu alitunza nyimbo zote za kwaya, hata zile ambazo sauti ya tatu ilipotea njia. Uma akasema alikuwa na picha za baba na binti wakivuna viazi, baba amefumba macho karibu kila picha. Mwingine akakumbuka ripoti iliyoitwa "ya mwisho", na nyingine iliyoitwa "ya mwisho kabisa", na nyingine iliyoitwa "ya mwisho kabisa hii ndiyo yenyewe". Kila walichosema kilimwingia yule kijana kikakaa. Nilimwona akinenepa kidogo kidogo.

Nikamwonea wivu. Mwaka mzima nimetamani kuuliza swali lile kwenye meza ya chakula, na sijawahi kupata pa kuanzia.

Droo ikavutwa. Mwanga ukaingia, na Subilaga akashuka ndani, amejifunga khanga ya mama yake, miguuni soksi. Hakunisalimia. Nadhani hakuniona, sikuwa na wa kunisemea. Akapiga magoti mbele ya mshenga.

"Jino langu moja limepinda," mshenga anamwambia. "Usinivute kwa nguvu, litakatika. Tumia ukucha. Upande huu kidogo, upande ule kidogo."

Subilaga anaingiza ukucha wa dole gumba kati ya mshenga na marehemu. Hasogezi. Ametulia, anamwangalia yule aliye chini ya leso.

"Ukitaka nibaki, nitabaki," mshenga anasema. "Sina pengine ninapotakiwa."

Subilaga anainama, anamwambia kitu sikioni.

Wakati huo huo feni wa kompyuta akaanza kuunguruma. Feni ni mama mwenye pumzi nyingi, huamka joto likipanda, na msiba ule ulikuwa umejaa joto la chai na la watu. Sikusikia neno hata moja. Nikasogea, nikatega sikio, nikawaomba vijiko wanyamaze ingawa hawakuwa wanaongea. Nikamfokea feni, "Mama, tafadhali, kidogo tu!" Feni akafikiri nimemsifu, akaongeza.

Subilaga anainua ukucha, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Mshenga anaachia jino kwa jino. La mwisho, lile lililopinda, likatoka salama. Chini ya leso kugonga kukakoma. Mshenga akajinyoosha mgongo, akamgusa marehemu begani, kisha akaenda kumshika kijana wangu mkono.

Kwa mbali nikamsikia bibi akiita. "Diski!"

"Yupo!" akajibu mshenga.

Nikaamka.

Nilikuwa kitandani na kumekucha. Mke wangu alikuwa ameshaondoka kwenda sokoni. Nikaenda sebuleni pekupeku, nikafungua droo ya kabati. Diski ya zamani ilikuwa pale kati ya uma na vijiko, na kwenye ncha yake hakukuwa na kitu. Nikageuza kompyuta, nikafungua skrubu. Kile kipande cheusi kilikuwa kimekaa kwenye diski mpya, kimeshikana vizuri na soketi, na kwenye jino moja lililopinda palikuwa na chembe ya rangi ya kucha, rangi ya damu ya mzee.

Niliiwasha. Ikafikiri. Kwenye orodha ya vifaa diski ikaonekana, na ukubwa wake pembeni. Nilifurahi mpaka nikakaa chini.

Subilaga akatoka jikoni na chupa ya chai. Nikamwangalia dole gumba. Rangi ilikuwa imebanduka pembeni.

"Nimelala fofofo, Anko, nimeamka nakuta ukucha uko hivi," akasema. Kisha akaiona skrini, akapiga kelele, nusura aangushe chupa. "Imekubali! Umefanyaje?"

Lilikuwepo jambo moja tu nililotaka kulijua, na lilinitoka kabla sijajizuia.

"Ulimwambia nini?"

Akainama kunimiminia chai. Alinijibu kwa urahisi, kama nimemuuliza sukari iko wapi.

"Nilimwambia aende na wewe," akasema. "Nikamwambia baba hatakasirika."

Halafu mkono wake ukasimama hewani na chupa yake, maana hakuna kati yetu aliyekuwa amesema neno lolote kuhusu ndoto.