Friza Sebuleni kwa Bi Mwanatabu

Nilipima mlango wangu mara tatu kabla ya kununua friza. Uchochoro sikuupima.

Friza yenyewe ni ya kulala, ndefu kama sanduku, hoteli moja ya Shanzu iliiuza ilipoleta mpya, nami niliitaka niuze barafu za ukwaju. Kioko, mwenye mkokoteni, aliifikisha salama mpaka mtaani kwetu Magogoni, kisha akasimama penye mdomo wa uchochoro.

"Mama Nadira, hapa haipiti. Nyumba zenu zimekumbatiana!"

Kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, mwalimu hutufundisha msongamano wa watu kwa ramani. Angekuja kwetu angetufundisha kwa mbavu. Tunapita kiubavu, na bado kila mlango una biashara: huyu samaki wa kukaanga, huyu maji, Anwar na cherehani yake.

Ikabaki njia moja tu. Bi Mwanatabu huuza mahamri, nyumba yake inaangalia barabara, na mlango wake wa nyuma unatazamana na wangu.

"Shikamoo, Bi Mwanatabu."

"Marahaba, mwanangu. Jeneza la nani hilo?"

"Friza, bibi. Naomba niipitishe ndani kwako."

"Pita. Lakini ukinivunjia vikombe, wallahi utanijua!"

Viti vikatoka, meza ikatoka. Kioko akavuta mbele, Anwar akasukuma nyuma, mwanangu Nadira, niliyembeba mgongoni, akinipiga mateke kwa furaha. Tukafika mlango wa nyuma, friza ikakwama kwenye fremu, Kioko akiwa ng'ambo.

"Sasa mimi natoka vipi?" akapiga kelele uchochoroni.

"Zunguka!" akasema Anwar.

"Nizunguke wapi? Kuna mama anakaanga samaki, amejaza njia!"

Tukacheka hadi tukaketi chini. Kisha kicheko kikaniishia. Friza isiyofika kwangu, barafu nitaziuzia wapi?

"Irudisheni hapo dirishani," akasema Bi Mwanatabu.

"Dirishani kwako?"

"Mimi saa tatu mahamri yamekwisha, sebule inalala mchana kutwa. Asubuhi nichukue mimi na moto wangu, jua likikaza chukua wewe. Umeme tugawane."

Nilimkumbatia nusura nimwangushe.

"Niache, mtoto we! Chomeka waya."

Nikachomeka. Friza ikanguruma, Nadira akapiga makofi. Bi Mwanatabu naye tayari ametoa kichwa dirishani, anawaitia wapita njia barafu ambazo hata ukwaju wake sijauloweka.