Tambi kwa Maziwa ya Nanyokie

Hebu niambie, wewe unayetoka kazini saa kumi na moja na nusu, miguu imevimba, na nyumbani kuna matumbo manne likiwamo la kwako, unapika nini kabla giza halijaingia? Maharage? Maharage yanataka saa mbili na mkaa wa kutosha. Ugali? Ugali wenyewe ni dakika kumi, lakini hiyo mboga ataichambua nani? Dotto, mke wa Pastory, wa kile kitongoji cha mwisho kabisa pale Mikumi, alikuwa anapika tambi. Jumatatu mpaka Ijumaa, tambi, na kwa sufuria moja.

Kazi yake ilikuwa kufua mashuka katika hoteli ya watalii upande wa kuelekea mbugani. Mashuka sitini kwa siku, mataulo juu yake. Mpishi wa pale, Theodory, ndiye aliyemfundisha, siku moja wakiwa wamekaa nyuma ya jiko wakinywa chai.

"Dada Dotto, maji ya tambi usimwage. Ule uwanga ndio unaoshika maziwa. Ukimwaga maji umemwaga mchuzi."

Basi Dotto alikuwa akifika, anavua viatu mlangoni na kuwasha jiko la gesi kabla hata hajafungua kitenge. Mafuta vijiko viwili. Kitunguu kimoja, kimekatwa chembamba, na kikishalainika, punje tatu za kitunguu swaumu zilizopondwa kwa ubavu wa kisu. Karoti ya kukwaruza, nusu ya hoho, nyanya moja isiyo na maji mengi. Kisha pakiti nzima ya tambi, zimevunjwa katikati, na maji ya kuzifunika na kuzidi kidogo, unene wa kidole. Chumvi. Mfuniko. Baada ya dakika nane maji yanakuwa yamebaki machache, mazito, yanatoa mapovu makubwa ya kivivu, na hapo ndipo yanapotakiwa maziwa. Yeye alikuwa anatumia ya unga, ya kopo.

Jumanne moja ya mwezi wa tano kopo lilikuwa tupu. Dotto alilikung'uta, akalichungulia, akalikung'uta tena. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Ng'ombe akaingia.

Aliingia kwa kupita ukutani, upande wa sebule wenye kalenda, akapita katikati ya chumba hadi kwenye mlango wa jikoni. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo pale alipita mlangoni, akiinamisha pembe kwa sababu ni mfupi. Alikuwa ng'ombe jike, mwekundu, ana baka jeupe kifuani, na sikio la kushoto lilikuwa limechongwa alama mbili. Kiwele kilikuwa kimejaa. Selestina, binti mkubwa wa Dotto, alikuwa sakafuni na hesabu zake za darasa la sita. Alikunja miguu. Mdogo wake akavuta daftari.

"Mama, ng'ombe," alisema Selestina.

"Nimemwona. Ondoa hiyo rula asije akaikanyaga."

Dotto kwao ni Usukumani, na alianza kukamua akiwa na miaka saba. Aliepua sufuria, akaiweka chini, akanawa mikono, akachuchumaa, akakamulia mlemle kwenye tambi. Maziwa yalitoka kiasi kile kile kilichotakiwa, hayakupungua wala hayakuzidi. Ng'ombe akamaliza, akatikisa mkia, akatokea ukuta wa nyuma kuelekea shambani. Dotto akarudisha sufuria motoni, akakoroga kwa mwiko dakika mbili, mchuzi ukashikana na kung'aa, mzito kama malai. Akatia pilipili manga. Chakula kilikuwa tayari saa kumi na mbili na nusu.

Pastory alirudi, akala sahani ya kwanza.

"Maziwa ya nani haya? Yana harufu ya moshi wa kibuyu."

"Ya yule ng'ombe."

Pastory alitafuna, akameza.

"Yule wa mwezi wa tatu?"

"Ndiye."

"Niongeze," alisema Pastory.

Sasa huyo wa mwezi wa tatu. Kabla viwanja havijapimwa, pale ilipo nyumba ya Pastory ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda mtoni, pana kama barabara ya lami, imechimbika kwa kwato za miaka na miaka. Akaja mtu mwenye ramani na muhuri, akapima, akauza, njia ikawa viwanja kumi na vinne na mashamba nyuma yake. Wanunuzi walipewa karatasi. Wafugaji walipewa taarifa. Ng'ombe hawakuambiwa. Mahindi ya Pastory yalipofika kiunoni, ng'ombe mmoja aliachana na wenzake jioni, akafuata njia yake ya siku zote, na Pastory na jirani yake Lucas wakamkuta katikati ya mistari ya mahindi. Walikuwa na mapanga. Wakamgawana usiku huohuo, na Dotto akampika kwenye sufuria ileile, kwa kuwa ndiyo peke yake iliyokuwa pana.

Siku ya tatu alipita Nasieku. Huyu ni mama wa Kiparakuyo, wafugaji ndugu wa Wamaasai, mke wa mzee Sempele, na ndiye aliyekuwa akiwauzia maziwa kitongoji kizima, asubuhi kwa asubuhi, vibuyu viwili begani. Dotto alikuwa akimwita yeyo, kama Waparakuyo wanavyomwita mama, na yeye alikuwa akimwongezea Dotto kikombe cha bure juu ya kipimo, kila siku ya Mungu. Siku hiyo hakuwa na vibuyu.

"Mama Selestina, hukumwona Nanyokie wangu? Mwekundu, ana baka hapa. Mama yake nilipewa na baba siku naolewa."

"Sijamwona, yeyo," alisema Dotto.

Nasieku alimtazama kidogo kama mtu mwenye jambo la pili, kisha akaenda zake.

Tangu siku hiyo Dotto hakununua tena maziwa kwake. Akiona vibuyu vinakuja, anavuka upande wa pili, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Akifua mashuka, anayasema maneno yenyewe kimoyomoyo: tulimla sisi, yeyo. Ni maneno machache, hayajazi kiganja. Alitaka kuyasema wiki ya kwanza, akataka wiki ya pili, na kila akitaka Pastory alimwambia jambo moja.

"Ukisema, wenzake watakuja na fimbo, na wa kwetu watatoka na mapanga. Unataka watu wazikwe kwa ajili ya nyama iliyokwisha kuliwa?"

Dotto hakutaka watu wazikwe. Basi akanyamaza, na ng'ombe akawa anakuja.

Alikuja Jumatano, akaja Alhamisi, akaja Ijumaa. Jumamosi na Jumapili hakuja, kwa sababu siku hizo Dotto ana nafasi ya kuchemsha maharage. Wiki ya pili Pastory alisogeza kochi sentimita arobaini, maana ng'ombe alikuwa anapita katikati yake na mgeni aliyekaa hapo anahisi baridi. Lucas, ambaye choo chake kilikuwa kwenye mstari huohuo, alijizoesha kutokwenda haja kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na nusu.

"Jana kanichungulia," Lucas alimlalamikia Dotto. "Nimechuchumaa, naona pembe."

"Si ulishaambiwa muda wake."

"Tumbo lina saa, shemeji?"

"Hilo tumbo lako lilikula paja zima, lijifunze saa."

Lucas alicheka, halafu akaacha kucheka.

Siku moja Pastory alileta nusu kilo ya nyama ya kusaga, akisema tambi tupu zimemchosha. Dotto akaikaanga vizuri na kitunguu. Ng'ombe alipita kwa wakati wake, akasimama, akanusa sufuria, akaendelea na safari kiwele kimejaa. Dotto alikumbuka alivyoambiwa na Nasieku zamani, kwamba kwao nyama na maziwa havikai kwenye tumbo moja siku moja. Ni kumdharau ng'ombe, kumla na kumnywa kwa pamoja. Tambi zikaliwa kavu. Nyama haikurudi tena sufuriani.

Kuhusu njia, wafugaji walipeleka malalamiko Kilosa, wilayani, mara tatu. Faili lilikwenda likarudi, kila likirudi limenenepa, na jibu likawa lilelile: viwanja ni viwanja. Mara ya tatu Lucas alishauri ng'ombe wa Dotto awe shahidi, lakini hakuna aliyejua ataapishwa vipi.

Ijumaa moja ya mwezi wa tisa, mahindi yameshavunwa na shamba limebaki mabua, kulibishwa hodi. Dotto alikuwa ndiyo kwanza anavunja tambi. Aliyebisha alikuwa Nasieku, amesimama mlangoni na shuka lake jekundu, shanga zimejaa vumbi la barabarani.

Tambi zilimdondoka Dotto, akaziokota. "Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia harufu ya maziwa ya kibuyu hapa kila jioni, na kwangu umeacha kununua. Nani anakuuzia? Nauliza tu, sikuja na ugomvi."

"Karibu ukae. Chakula kiko jikoni."

Nasieku alikaa. Pastory alikuwa amesharudi. Naye akainuka, akamwamkia, akakaa tena kwenye ncha ya kiti. Wakaulizana hali ya mvua, hali ya malisho, hali ya magoti ya mzee Sempele. Jikoni, alikorudi Dotto, mfuniko ulikuwa unaruka. Saa kumi na mbili na robo ng'ombe akaingia upande wa kalenda. Nasieku aliinua miguu kidogo kama wengine, ampishe. Akalitazama baka. Akalitazama sikio.

"Amenenepa," alisema.

Nasieku akainuka, akamfuata ng'ombe jikoni, akamkuta Dotto amechuchumaa, sufuria iko chini mbele yake.

"Unamkamua upande gani?"

"Kulia, yeyo."

"Kulia! Ndiyo maana anakupa ya kubania. Nipishe."

Alinawa, akaingia kushoto, akasema maneno mawili matatu ya Kimaasai na jina lake, Nanyokie, polepole. Ng'ombe akasogeza mguu wa nyuma kumpa nafasi. Maziwa yakaja kwa kishindo, yakapovuka juu ya tambi hadi karibu na ukingo wa sufuria.

"Nyama haimo humu?"

"Haimo."

"Na maji humwagi?"

"Simwagi, yeyo. Yanashika maziwa."

"Eeh," alisema Nasieku. "Kumbe ni akili."

Walikula wote sebuleni. Nasieku alikula kwa kijiko, taratibu, akichagua karoti na kuziweka mwisho. Selestina alimwongezea, naye hakukataa. Dotto hakugusa sahani yake. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa amana, na mchuzi ukaanza kuganda juu. Pastory akamtazama na kutikisa kichwa kidogo sana. Dotto aliiona ile ishara, akaweka sahani chini.

"Yeyo, tulimla sisi. Nilimpika kwenye sufuria hiyo unayoiona. Ukaja kuniuliza, nikakwambia sijamwona."

Kijiko cha Pastory kilisimama hewani. Nje kulisikika fimbo inagonga jiwe, mara moja.

"Najua," alisema Nasieku.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Ulikuwa unanukia mafuta yake. Nimemfuga miaka tisa, mwanangu, nitashindwa kumjua kwa kuwa yuko kwenye mikono yako?"

Dotto alilia, lakini kidogo, maana mabinti walikuwa wanamwangalia. Kisha akavuta sahani yake akaanza kula, na alikula kwa njaa ya miezi sita.

"Mama," Pastory alisema, "tutakulipa. Sema mwenyewe, ndama, mtamba, unachotaka."

"Baba Selestina, sijaja kuhesabu."

"Mtakuja na vijana?"

"Ningetaka kuja na vijana ningekuja mwezi wa tatu."

Pastory akashusha kijiko. Nasieku aliegemeza mgongo kwenye kochi, akakwangua mchuzi uliobaki pembeni mwa sahani, akaulamba kijiko pande zote mbili. Akamtazama Dotto, kisha Pastory, kisha Dotto tena.

"Siku ile nilikuja na mambo mawili," alisema. "La ng'ombe lilitangulia, ukanijibu haraka, la pili nikarudi nalo nyumbani. Sempele yuko hapo nje barabarani na ng'ombe kumi na mmoja, hawajanywa tangu asubuhi. Kila siku wanazungukia kule kwenye lami, katikati ya malori, na hawa wako hai, hawajui kupita ukutani. Nataka wapite shambani kwenu kwenda mtoni. Leo, na mahindi yakiota tena, mniachie upana wa ng'ombe wawili."