Ngozi ya Difu

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Na mwenye Landrova 109 atakuapia kwamba kununua gari nako si kazi. Marehemu Maduhu alililea lake miaka mingi pale Shinyanga mjini, likibeba pamba msimu wa pamba, na wagonjwa, wafiwa na maharusi miezi mingine, trela likirukaruka nyuma. Alipofariki, mkewe Asteria akashika usukani na spana kwa pamoja, wala hakumshangaza mtu. Nusu ya maongezi ya ndoa yao yalikuwa yamefanyika yeye akiwa amechutama, mumewe yuko chini ya gari na miguu tu ndiyo inayoonekana.

Sasa gari lilikuwa juu ya mawe uani, magurudumu ya nyuma yakielea hewani. Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ilikuwa imesaga meno. Bujiku, mdogo wa marehemu, alikuja Jumapili baada ya kanisa, akalizunguka kama mtu anayepima ng'ombe mnadani, na akakataa kukaa.

"Shemeji, ukoo umeshakaa," alisema. "Msimu wa pamba ukifunguliwa gari hii ikiwa bado iko juu ya mawe, tunaita watu wa chuma chakavu. Gari isiyotembea ni banda la kuku."

Ukweli ni kwamba kuku walikuwa wameshaanza kulala ndani yake. Asteria alimpa maji ya kunywa. Bujiku alipoondoka akaingia jikoni, akalia. Gari lile lilikuwa limesomesha watoto wao wote, lakini hilo silo lililomliza. Kilichomliza ni kwamba lilikuwa kitu pekee duniani ambacho bado kilifuata mkono wa Maduhu: gia ya pili mpaka uibembeleze, mlango wa kushoto mpaka uupige kiwiko.

Akaanza kutafuta spea. Kwa magari ya namna ile hutaji jina dukani, unabeba sampuli. Alifunga kipande cha difu kwenye kanga, akaenda duka baada ya duka. Vijana wa madukani walikigeuzageuza. Mmoja alikipiga picha akairusha kwenye kundi la mafundi, na majibu yakarudi: vikatuni vya kucheka, na ushauri wa kufunga difu ya Prado. Mwingine alimwuliza kwa upole kama hajafikiria kulipeleka makumbusho.

Ndipo alipolazimika kumkumbuka Chacha. Kusema kweli hakuwa amemsahau. Alikuwa amekataa tu kumkumbuka.

Chacha alikuwa Mkurya aliyefuata dhahabu Nyarugusu, akaikosa, akabaki kuwauzia maji wale waliokuwa bado wanaitafuta. Landrova lake, pacha wa lile la Maduhu, lilivuta trela la tangi hadi kwenye mashimo ya wachimbaji. Difu yake ilipoharibika, Maduhu alimpa difu yake ya akiba. Hakumwuzia wala hakumwazima. Alimwekesha, kama Wasukuma wanavyowekesha ng'ombe: unampeleka kwenye zizi la rafiki, maziwa anakunywa yeye, ng'ombe anabaki wako. Wakurya nao ni watu wa ng'ombe, kwa hiyo Chacha hakuhitaji kuelezwa. "Difu ni yangu, mwendo ni wako," Maduhu alisema mbele ya mashahidi, wakacheka, wakala nyama.

Kisha Maduhu akafa, na Chacha hakuja kuzika. Hakuja hata matanga, wala hakupiga simu. Asteria aliliweka hilo moyoni, likazidi uzito kila mwaka. Kwa hesabu zake, rafiki wa mumewe alikuwa amekwepa msiba ili asiulizwe difu. Basi akapanda basi la Geita kwenda kumwuliza.

Alimkuta Chacha uani kwake Nyarugusu, mvi zimemjaa, anafunga trela kwenye gari. Mzee alipomwona, mnyororo ulimponyoka mkononi.

"Mwangaluka, shemeji," alisema Asteria. Alikuwa ameamua njiani kwamba salamu ni haki ya kila mtu, hata mwizi.

"Mwangaluka." Kisukuma chake kilikuwa bado na Ukurya ndani yake. "Nilijua siku moja utakuja."

"Nimemfuata ng'ombe wetu."

Chacha alimwagiza mkewe, Mama Noela, alete kiti na amwite jirani aje kuwa shahidi, kisha yeye akaingia stoo. Alitoka amekumbatia gunia zito, akalitua miguuni pa mgeni na kulifungua kwa adabu. Ndani mlikuwa na difu, imepakwa grisi kila mahali, safi kuliko vyombo vya watu wengi.

"Ng'ombe wenu alikufa," alisema. "Maduhu alikuwa bado mzima. Nilikuwa napandisha mlima, tangi limejaa, nikasikia kelele, gari ikakataa. Nilipomwaga oili yakatoka meno. Hiyo iliyo kwenye gari sasa nimeitoa kwenye gari iliyochinjwa kule Rwamgasa. Ya kwenu ngozi yake ndiyo hii."

Ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, aliyemtunza humpelekea mwenyewe ngozi, asije akasemwa kwamba amemla. Mwenye ng'ombe huishika, husema "tumeona," na neno hilo hufunga kila kitu. Hakuna anayedai tena.

"Kwa nini hukuileta?" aliuliza Asteria.

"Nilikuwa naileta. Nimeshafunga na kamba, ndipo ikaja habari ya msiba. Shemeji, ngozi unaipelekaje msibani? Watu wanalia maiti, wewe unaingia na maiti nyingine begani! Na kuja mikono mitupu, nikae na wafiwa nikiwa nimemuulia ng'ombe wake bila kumwambia, nilishindwa. Mwaka ukapita, aibu ikakua. Ikanizidi kimo."

Asteria alitafuta hasira aliyotoka nayo Shinyanga, asiione vizuri ilipo. Aliowaona akilini ni Bujiku na watu wa chuma chakavu. Ng'ombe wa maskini hazai, alijisemea. Wa kwake hata kuishi kulimshinda. Akainama kuigusa ngozi, ili aseme neno lililobaki kusemwa.

Kidole gumba kikapita kwenye meno ya krauni, lile gurudumu kubwa la difu. Kikazunguka lote, kikarudi kilipoanzia. Hapakuwa na pengo.

"Shemeji," alisema taratibu, "yale meno yaliyotoka kwenye oili unayo?"

Alikuwa nayo, bila shaka. Ngozi haipelekwi nusu. Chacha alileta kopo la maziwa ya unga na kuyamimina kiganjani mwake. Yalikuwa madogo.

"Haya ni ya spaida," alisema Asteria, "vile vigia vya katikati. Krauni yako nzima. Mimi krauni ndiyo iliyosagika, spaida zangu hazina hata mkwaruzo. Hivi uliifungua ndani ukaangalia?"

"Niangalie nini? Meno yametoka! Ng'ombe akimwaga utumbo, unamwuliza kama anaumwa?"

"Hukumwonyesha hata fundi?"

"Ningemwonyeshaje fundi maiti ya mtu?"

Asteria alicheka mpaka akashika mbavu. Ng'ombe akifa, amekufa wote, kuanzia pembe hadi mkia. Difu hufa kipande, na kipande kingine kikabaki kinasubiri mwenzake.

Chacha hakucheka.

"Kwa hiyo hakufa," alisema.

"Alikuwa mgonjwa tu."

"Kwa hiyo ningekuja kumzika."

Jirani alitazama pembeni. Mama Noela akaokota mnyororo ulioanguka, akauweka juu ya trela. Asteria alimhurumia mzee yule kuliko alivyowahi kumchukia, na neno "tumeona" akalimeza.

Walirudi Shinyanga pamoja. Chacha alikataa gunia lisiwekwe kwenye buti la basi. Alilipakata safari nzima, abiria wakilalamikia grisi. Uani kwa Asteria walizifungua difu zote mbili juu ya turubai, mama mwenye nyumba akifunga, mzee akimpa spana, na katika maiti mbili wakapata mzima mmoja.

Msimu wa pamba ulipofunguliwa, Bujiku alifika na watu wake wa chuma chakavu, mizani na mtungi wa gesi ya kukatia. Alikuta mawe, na kuku wanaozunguka hawajui pa kulala.

Gari halikuwa limekwenda kubeba pamba. Safari ya kwanza lilimpeleka Chacha kijijini, kwenye kaburi. Asteria alibaki kwenye usukani na hakuzima injini. Stata nayo ilikuwa mbovu, na huko hapakuwa na mtu wa kusukuma. Mzee alivua kofia, akasogea hadi kwenye msalaba, na ikabidi apaze sauti ili asikike.

"Mwadila, Maduhu," alimsalimu kwa Kisukuma. "Nimechelewa. Ng'ombe wako hakufa. Msikilize."